Kamati ya Wasiwasi wa Tusa

Nilichoomba mimi kilikuwa kidogo. Niliomba Jumatatu nikae kwenye kiti. Wengine wasimame katikati, watoe ripoti zao, wapigiwe makofi. Mimi ripoti yangu niiandike kwenye karatasi na kumkabidhi bosi kabla ya kikao. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye mambo yalikuwa mengi, na kuna watu pale kazini ambao mpaka leo wanaamini niliomba sherehe.

Kazi yenyewe iko Kawe, kwenye karakana ya samani. Tunatengeneza vitanda, makabati na viti vya baraza, na wateja wetu wakubwa ni hoteli za Mbezi Beach. Mwenye mali ni Mzee Anselmo, mtu wa Newala, aliyeanza kwa kuchonga vinyago barazani kwake na sasa ana watu kumi na wanne chini yake. Mimi ni Tusajigwe, ila wote wananiita Tusa. Napokea oda, naandika vipimo, nawafuatilia mafundi mpaka mzigo utoke. Kazi hiyo naiweza, tena sana. Mtu mwenye wasiwasi hukagua kipimo mara nne. Kabla yangu kuna hoteli ilipelekewa vitanda ambavyo wageni walilala miguu ikiwa nje. Tangu niingie, hakuna kitanda kilichorudi.

Tatizo ni Jumatatu. Mwaka mmoja Mzee Anselmo alikwenda semina ya wafanyabiashara ya siku mbili, akarudi na kofia, begi la karatasi na wazo. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi tunakusanyika dukani mbele, tunakaa juu ya vitanda na viti vya kuuzwa. Bi Mauwa anaomba dua, fundi Elibariki anaomba kwa Kikristo, halafu mmoja mmoja anasimama katikati, anajitambulisha kana kwamba hatujuani, anaeleza wiki iliyopita alifanya nini na wiki hii atafanya nini. Akimaliza tunasugua viganja, Bi Mauwa anahesabu moja, mbili, tatu, na wote tunampigia makofi ya kilo.

Wasiwasi wangu si ule wa kusubiri matokeo ya mtihani. Huo kila mtu anao na hauhitaji daktari. Wangu huanza Jumamosi mchana, nikiwa nafua nguo nyumbani Chanika, bila sababu yoyote, na Jumapili jioni chakula hakipiti kooni. Jumatatu ikifika zamu yangu, vidole vinakufa ganzi, masikio yanaziba, pumzi inaingia nusu. Mara ya kwanza nilikimbilia chooni. Mara ya pili nilikimbilia chooni tena na nikakaa humo mpaka Twaha, fundi mkuu, alipogonga mlango kuuliza kama nimezama.

Basi nikapewa barua ya onyo. Nilikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio, na barua ilisema wazi kwamba nikitoka kikaoni mara ya tatu, sitathibitishwa kazini. Niliisoma nikalia, kisha nikakagua tarehe na sahihi, kwa mazoea.

Ndipo nikaenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole aliyekuwa na mafua, alinisikiliza bila kuangalia saa. Akaniambia huo ni ugonjwa wa wasiwasi, una jina, una tiba, na hausababishwi na uvivu wala na mtu. Akanipa dawa, akanipangia siku za kuja kuzungumza, kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia maishani: kwamba naweza kumwomba mwajiri wangu anibadilishie mambo machache niweze kufanya kazi.

"Daktari, humjui Mzee Anselmo," nikasema.

"Yeye anakujua wewe?" akauliza, akapenga kamasi, akaniandikia cheti.

Barua niliiandika mara sita. Yah: Ombi la Marekebisho Madogo ya Kazi. Neno "madogo" nililipigia mstari. Niliomba matatu tu. Kwanza, ripoti niandike, na kikaoni nikae karibu na mlango. Pili, nikibanwa, niruhusiwe kutoka nje dakika kumi, na mtu asinifuate. Tatu, bosi akiniita, aniambie ananiitia nini. Hili la tatu lilikuwa la lazima, maana Mzee Anselmo ana tabia ya kukutumia ujumbe wenye maneno mawili, "Njoo ofisini", basi. Siku moja aliniita hivyo, nikapanda ngazi nikiwa nimeshaaga dunia, kumbe alitaka nimtafutie miwani.

Niliiacha barua mezani kwake nikashuka haraka. Baada ya nusu saa simu ikalia. Njoo ofisini. Nikakaa kwenye kiti kwanza. Dakika moja baadaye ukaingia ujumbe mwingine: Nakuitia ile barua. Nilijua hapo alikuwa amefika namba tatu, na nikaona haya kwa jinsi nilivyomfikiria vibaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Keti. Hapana, si hapo." Akainuka, akakokota kiti mpaka mlangoni, akanionyesha nikae, kisha akarudi mezani kwake, mwisho kabisa wa chumba. Kwa hiyo siri yangu tuliizungumza kwa sauti ya watu wanaoitana ng'ambo ya barabara, mlango ukiwa wazi.

"Nani anakutisha hapa kazini?"

"Hakuna, mzee."

"Ni Twaha? Maana Twaha ana sura ile."

"Si Twaha, mzee. Ni ugonjwa. Daktari ameandika."

Akakisoma cheti kwa muda mrefu. "Wasiwasi," akasema. "Mbona mie mwenyewe ninao? Mbao za mninga zimechelewa wiki ya pili hii, silali."

"Mninga ukija, utalala. Mimi mninga ukija bado silali."

Akaikunja karatasi vizuri. Naamini alielewa, kwa kadiri mtu mwenye afya anavyoweza kuelewa. "Umefanya vizuri kusema," akaniambia. "Niachie mie. Hili tutalibeba."

"Naomba lisitoke humu, mzee."

"Kabisa."

Na kweli hakumwambia mtu, isipokuwa Bi Mauwa. Bi Mauwa ni keshia wetu, mjane wa miaka hamsini na kitu, na ni katibu wa kila kamati iliyowahi kuundwa pale. Kamati za harusi, za kitchen party, za misiba, hata ile ya kipaimara ya mtoto wa Elibariki aliiendesha yeye, na yeye ni Mwislamu safi wa Kilwa. Kumweleza Bi Mauwa tatizo la mtu ukamwomba asiunde kamati ni kumwaga mtama mbele ya kuku ukamwomba autazame tu. Ijumaa jioni simu yangu ikaniarifu kwamba nimeongezwa kwenye grupu la WhatsApp liitwalo KAMATI YA TUSA.

Wote kumi na wanne walikuwemo, pamoja na dereva wa mbao na mama anayetuuzia chai.

"Asalaam alaikum na Bwana Yesu asifiwe," aliandika Bi Mauwa. "Mwenzetu Tusa amepatwa na wasiwasi. Leo kwake kesho kwako. Tujitokeze kwa wingi."

"Poleni sana wafiwa," akajibu Twaha. "Mazishi lini?"

"Twaha hajafa mtu, soma vizuri."

Elibariki alikuwa ameshatuma picha ya mshumaa. Mama wa chai akauliza kama nimeshaangaliwa na watu wa kwetu. Mwingine akapendekeza nifunge siku tatu, mwingine akasema yeye anamjua mtu Temeke anayeandika kombe zuri sana, ukinywa unasahau hata jina lako. Dereva wa mbao alituma mahubiri ya sauti ya dakika arobaini. Nikaandika kwamba nawashukuru na sihitaji kitu. Bi Mauwa akanijibu palepale: "Mhusika asichangie mada, aiachie kamati."

Kamati ikakaa Jumatatu. Kikao cha kawaida kiliahirishwa kwa ajili yake, na hilo ndilo jema pekee lililotoka humo. Ikaazimia kwamba Ijumaa saa kumi, baada ya kazi, itafanyika hafla ya kumtia moyo Tusa. Kutakuwa na pilau, soda na keki. Kutakuwa na sare. Na kutakuwa na neno la shukrani kutoka kwa mhusika, dakika kumi na tano.

Ripoti yangu ya Jumatatu, ile niliyokuwa naikimbilia chooni, ilikuwa ya dakika mbili.

Nilimfuata Bi Mauwa kwenye kibanda chake cha fedha.

"Bi Mauwa, mimi niliomba nisionekane."

"Utaachaje kuonekana, mwanangu, na kitambaa kimeshachaguliwa?" Akakitoa chini ya meza. Kilikuwa kitenge cha kijani chenye maua makubwa. "Tumesema kijani kwa ajili yako. Kijani kinatuliza."

"Lile neno la shukrani, basi. Liondoeni."

"Hafla bila mhusika kusema neno? Watu watasema hukuridhika." Alinishika mkono, akaupapasa. "Mie nitakusimamia. Mie kusema kwangu si ishu. Wewe utasimama tu, maneno yatakuja yenyewe."

Nilitaka kumpigia kelele. Nasema kweli, wiki ile nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote, na kilichonikera zaidi ni kwamba hakuwa amenikosea kwa jambo lolote ambalo ningeweza kumwambia mtu likaeleweka. Nikapanda kwa Mzee Anselmo. Yeye alinipokea akiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Tena nina jambo," akasema. "Hiyohiyo Ijumaa nitasoma barua yako ya kuthibitishwa kazini, mbele ya wote. Ila usije ukatoka, Tusa. Lile onyo lipo kwenye faili. Nikilifumbia macho, hawa wengine watasema napendelea."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Nikae mpaka mwisho, kazi yangu. Nikikimbia, narudi Chanika kukaanga maandazi na dada yangu, na maandazi yangu siku zote yanakuwa magumu.

Ijumaa nilimeza dawa, nikapumua kama daktari alivyonifundisha, nikavaa kile kijani. Duka la mbele lilikuwa limepambwa. Katikati walikuwa wameweka kiti cha maharusi, kile cha mgongo mrefu chenye tausi wawili tulichoutengenezea ukumbi mmoja wa Mbezi, na hapo ndipo nilipokalishwa. Mlango ulikuwa nyuma yangu na meza ya keki ilikuwa imeuziba. Wenzangu kumi na watatu walinikabili, wote wa kijani, hata Twaha, ambaye shati lake lilikuwa limembana akawa hawezi kuinua mikono.

Bi Mauwa alishika kipaza sauti. Aliniombea, akanisifu, akasimulia jinsi alivyoniona siku ya kwanza nimekonda nikamtia huruma. Elibariki akaimba pambio. Mzee Anselmo akapapasa mfuko wa koti ilimokuwa barua yangu. Halafu Bi Mauwa akanigeukia.

"Mhusika, simama watu wakuone."

Miguu haikuwepo. Nilijua iko pale chini kwa sababu niliiona, lakini haikuwa yangu. Masikio yakaziba, nikawa naona midomo ya watu inacheza. Walianza kunihimiza, "Tusa, Tusa, Tusa", wakipiga mikono mapajani, na kila walivyonipenda ndivyo nilivyozidi kukosa hewa. Kitu pekee kilichonitii kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na simu ilikuwa mkononi.

Nikaandika kwenye grupu: Siwezi kusimama. Siwezi kusema. Nilichoomba ni nisifanyiwe hivi. Naomba mniache nikae.

Simu kumi na tatu zililia kwa pamoja. Waliinamisha vichwa wote, maana ujumbe ukiingia hata msibani mtu ataangalia. Kelele zikakatika. Kwa dakika nzima watu wa kijani walisoma, wengine wakarudia, na Bi Mauwa, ambaye miwani yake ilikuwa kibandani, aliisogeza simu mbali, akaivuta karibu, akasoma midomo ikitembea.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Anselmo, aliyekuwa amesoma kwenye simu ya Elibariki. Alichomoa mfukoni karatasi mbili, barua yake na barua yangu, akaisoma yangu kimoyomoyo kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Jamani," akasema. "Huyu binti aliomba tusimfanyie jambo fulani. Sie tumemfanyia lilelile. Tena tumelishonea sare."

Twaha alijaribu kujikuna kichwa, shati likamkatalia.

Sasa Mzee Anselmo akiona kosa hataki kulirekebisha kidogo. Akipata mchwa kwenye ubao mmoja, anachoma rundo. Akanyoosha mkono juu. "Kosa ni langu. Nilileta kile kikao bila kuwauliza. Kuanzia leo kikao cha Jumatatu kimefutwa. Hakuna tena kusimama, si Tusa, si mtu yeyote."

Furaha iliyolipuka pale sijaiona hata siku mbao za mninga zilipofika. Kumbe hakuna aliyekipenda. Elibariki alikumbatiana na fundi wa vanishi ambaye walikuwa hawasemeshani. Twaha aliniinamia akaninong'oneza, "Sista, Mungu akuzidishie, mie Jumapili usiku huwaga tumbo linaniendesha." Pumzi yangu ikaanza kurudi. Nilikuwa nimeshinda, zaidi hata ya nilivyoomba, na barua ya kazi ilikuwa mkononi mwa mzee, imeshatiwa sahihi. Nilihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza ndiko ninakokuweza kuliko watu wote.

Lakini nilikuwa nimekaa karibu na Bi Mauwa, na wengine walikuwa mbali. Alikuwa bado ameshika kipaza sauti, amekishusha kwenye nyonga, anatazama sakafu.

"Mie nyumbani ni mie na redio," akasema, si kwa mtu yeyote. "Tangu marehemu aondoke. Jumatatu ndiyo nazungumzaga na watu mpaka nikamaliza."

Nikamkumbuka katikati ya duka, kila Jumatatu, akieleza habari ya hesabu za wiki kwa dakika moja na habari ya goti lake kwa dakika kumi, na sisi tukimpigia makofi ya kilo ili akae. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kwa ile wiki nzima ya chuki. Ningeweza kuandika kwenye grupu. Lakini wote walikuwa wanacheza, simu mifukoni, na mzee alikuwa ameshaanza kwenda kwenye pilau.

"Kisifutwe," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, ikakwaruza. Waliokuwa karibu wakageuka. Nikasema tena, nikiwa nimekaa, nimeshikilia tausi mmoja shingoni. "Mzee, kikao kisifutwe. Sikuomba kife. Anayetaka kusimama asimame. Mimi niliomba nikae."

Twaha alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajamaliza kula.

"Nyie watu mnataka nini?" Mzee Anselmo akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Hayo matatu, mzee. Yameandikwa."

Akaisoma barua yangu tena, mara hii kwa kidole, mstari kwa mstari. Akaomba kalamu. Pembeni ya kila ombi akaandika "Nakubali" na kutia sahihi, mara tatu, na chini ya barua ya kuthibitishwa kazini akaongeza kwa mkono kwamba mtumishi huyu akitoka nje kikaoni, haandikwi kwenye faili. Kisha akatangaza kwamba kuanzia sasa kusimama ni hiari. Mafundi wakapata sehemu ya furaha yao, ingawa Twaha hakunisemesha mpaka Jumanne.

Jumatatu iliyofuata tulikaa dukani kama kawaida. Kiti changu kilikuwa karibu na mlango, ripoti yangu ilikuwa mikononi mwa mzee. Watu wawili tu walisimama, na wa pili alikuwa Bi Mauwa. Alijitambulisha. Alieleza hesabu. Akaingia kwenye habari zake, na alipofika katikati, bila mtu kuniangalia, bila sababu yoyote, vidole vyangu vikaanza kufa ganzi. Daktari aliniambia itakuwa hivyo, kwamba mambo yakirekebishwa ugonjwa hauagi siku hiyohiyo.

Nikainuka, nikatoka. Nilikaa nje juu ya fremu ya kitanda isiyo na chaga, harufu ya maranda na vanishi imenizunguka, nikahesabu pumzi. Nilisubiri kusikia viatu vya mtu nyuma yangu. Havikuja. Kutoka ndani nilisikia sauti ya Bi Mauwa ikiendelea, kisha ikasimama, kisha kimya. Nikaona ameshamaliza, na nikasikitika kidogo. Dakika ya nane nikaweza kumeza mate, nikarudi.

Wote walikuwa bado wamekaa. Bi Mauwa alikuwa bado amesimama katikati, mikono imefumbatwa tumboni, ananisubiri.

"Ulipotoka nilikuwa nimefika kwa yule daktari wa goti," akaniambia. "Keti, nirudie."

Mafundi wakaguna. Nikaketi, akarudia.